Ekluzi za Uholanzi: mtu wa Kivu ashike vipi kamba?

Mtoto_wa_Idjwi (Bukavu)
Wakubwa, jambo. Shemeji yangu anakaa Sneek, Uholanzi. Amenialika mwezi wa saba, siku kumi kwenye mashua yao ya tanga: Sneek, Lemmer, kukata ziwa la IJsselmeer hadi Enkhuizen, kurudi kwa Stavoren. Maji nayajua. Baba alikuwa mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, nimekulia kwenye ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka hadi alfajiri. Lakini kwetu unatoka Bukavu unafika Idjwi hujakuta mlango. Shemeji anasema njiani kuna ekluzi, yaani chumba cha maji chenye milango, mashua inapandishwa au kushushwa humo, na kamba ya mbele nitaishika mimi. Sijawahi kuiona. Mashua ikiingia mle, mikono yangu ifanye nini? Sitaki kuharibu chombo cha watu.

Yaya_wa_Kadutu
Mdogo wangu, mimi niko huku jimbo la Friesland, aliko shemeji yako, miaka mingi, na jambo la kwanza ni hili: usifunge fundo.

Mwaka wangu wa kwanza tulipita ekluzi ya Kornwerderzand, kwenye Afsluitdijk, ule ukuta unaotenga IJsselmeer na bahari, kwenda Bahari ya Wadden. Nje maji yalikuwa yamekupwa. Nikafunga kamba kwenye nguzo kwa fundo la mtumbwi, lile alilonifundisha babu. Mlango ukafungwa nyuma yetu, maji yakaanza kushuka polepole, huwezi hata kuyasikia. Mara mashua ikainama. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba yangu! Vikombe vilimwagika ndani, na fundo lilikuwa limekaza kama chuma. Mume wangu akaikata kwa kisu, mashua ikaangukia maji kwa kishindo. Hadi leo nikishika kamba nakumbuka sauti ile.

Kwa hiyo: ncha moja iwe imefungwa kwenye mashua, kamba izunguke nguzo ya ukutani, ncha ya pili irudi mkononi mwako. Maji yakishuka, unaachia kidogo kidogo, yakipanda, unavuta. Usiizungushe kwenye kiganja, itakukata vidole.

Tanga linashushwa kabla, mnaingia kwa mota. Taa nyekundu mnangoja, nyekundu na kijani pamoja mnajiandaa, kijani mnaingia. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, maana yake ekluzi haifanyi kazi. Meli za mizigo huingia kwanza. Msiikaribie mno ya mbele yenu, maana rafadha yake ikizunguka inawatupa ukutani.

Ekluzi za Lemmer na Stavoren hazitakutisha. Maji ya Friesland yako chini kidogo tu ya IJsselmeer, siku ya kawaida tofauti haifiki nusu mita. Jifunzie hapo.

Baharia_Lubumbashi
Yaya amesema kweli. Mimi nimefanya kazi kwenye meli ya mizigo kule kusini, mto Maas. Ekluzi ya Maasbracht inakushusha zaidi ya mita 11, unatazama juu mbingu imebaki kipande. Pale nguzo zenyewe zinaelea ndani ya ukuta, zinashuka pamoja nawe. Hata hivyo kamba hatuiachi bila mtu.

Mzee_wa_Gati (Goma)
Kijana, usidharau IJsselmeer kwa kuwa ni ya kina kifupi. Kivu ina kina hadi karibu mita 480, mawimbi yake yana nafasi. IJsselmeer ilikuwa bahari, Zuiderzee, hadi walipoiziba mwaka 1932 kwa ukuta wa kilomita 32. Sehemu nyingi kina ni mita nne, tano. Upepo ukivuma, wimbi linakuwa fupi na limesimama, linapiga moja juu ya jingine. Vaa gile ya kuelea tangu gatini.

Mtoto_wa_Idjwi
Aksanti sana, wakubwa. Jioni hii nimeshuka bandarini na kamba ya baba, nikaizungusha kwenye nguzo, mdogo wangu akausukuma mtumbwi nje. Kweli, mzunguko mmoja unatosha kuuzuia, na ukilegeza mkono unakwenda taratibu. Yaya, moja tu limebaki: shemeji amesema niweke sarafu tayari kwa ajili ya kiatu. Kiatu gani?

Yaya_wa_Kadutu
Cha mti! Kwenye baadhi ya madaraja ya Friesland, mlinzi akishafungua anakushushia kiatu cha mti kwa kamba iliyofungwa kwenye ufito, kama anavua samaki. Unatia pesa mkipita, mashua haisimami. Bei imeandikwa kando ya daraja. Wewe ndiye utakuwa mbele, kwa hiyo zikae mfuko wa kulia, kamba ishike kwa kushoto.