Bodi ina NPU, draiva hakuna! Wanatuuzia nusu ya chipu kwa bei ya chipu nzima

Wakuu salaam,

Nimevumilia tangu mwezi wa tano, leo nasema. Nina karakana ndogo hapa Moshi. Wakulima wa Kibosho waliniomba mashine ya kuchambua kahawa kabla haijamenywa: kamera inatazama, mbivu zinapita, mbichi zinasukumwa pembeni. Nikanunua bodi mbili (kompyuta ndogo za bamba moja) kwa laki tisa kwa sababu moja tu, kwamba ndani ya chipu mna NPU, kile kipande kinachopiga hesabu za akili mnemba bila kuichosha CPU, kichakataji kikuu. Kwenye boksi watengenezaji wameiandika kwa herufi kubwa.

Sasa sikieni. Draiva yake, programu inayoiwezesha Linux kuongea na NPU, ni faili moja la .ko lililokwisha kompailiwa (msimbo wake hauonekani), nalo linakubali kerneli (kiini cha Linux) 5.10 peke yake, ya Desemba 2020. Kamera yangu inataka 6.6. Nikiwasha 5.10, NPU ipo, kamera haionekani. Nikiwasha 6.6, kamera ipo, ila nikipiga insmod (amri ya kupakia draiva) kerneli inaikataa moduli: vermagic, yaani alama za toleo, hazilingani. CPU peke yake inamaliza picha mbili kwa sekunde. Kahawa iliyo kwenye mkanda haisubiri!

Na mtu asiniambie Linux ndivyo ilivyo. Wenye kerneli wamesema wazi miaka yote kwamba mambo ya ndani yanabadilika, na anayeyabadilisha ndiye anayerekebisha draiva zilizomo humo. Draiva iliyo nje ya kerneli inabaki yatima. Nafasi ya vifaa hivi ipo: tangu 6.2, Februari 2023, kuna sehemu ya accel ndani ya kerneli, kifaa kinakaa /dev/accel. Intel wameingiza ivpu, draiva ya NPU yao, tangu 6.3. Sharti mojawapo ni kwamba programu inayoongea na draiva kutoka upande wa mtumiaji nayo iwe wazi. Hapo ndipo hawa watengenezaji wa bodi yangu wanapokwama, maana kompaila yao (inayogeuza modeli kuwa amri za NPU) hawataki mtu aione.

Nikasema basi, niandike mwenyewe. Nikafungua kitabu cha chipu. UART (mlango wa mawasiliano ya mfululizo) imeelezwa rejista kwa rejista, biti kwa biti. NPU wameweka anwani ya kuanzia na namba ya interapti (ishara ya kuiita CPU), kwisha. Nikaongeza nodi kwenye device tree (orodha ya vifaa inayosomwa na kerneli), status ikawa okay, nikasoma anwani ya kwanza: bodi nzima ikaganda. Nadhani umeme wa kile kipande haujawashwa, lakini unawashwa wapi? Hawajaandika popote!

Nimewatumia barua pepe tatu. Nimejibiwa moja, mstari mmoja: tumia toleo letu la kerneli. Toleo lenu ndilo hilo la 2020!

Mavuno yameanza, wazee wananipigia kila asubuhi, nami sina cha kuwajibu. Kama kuna mtu humu amewahi kuwasha NPU ya namna hii bila faili la kampuni, hata hatua ile ya umeme na saa ya chipu (mapigo yanayoiendesha) tu, aandike hapa. Bodi ya pili nampa, aje aichukue Moshi au nimtumie kwa basi.