Matuta yawekwe palipoongoza kwa ajali mwaka jana, au hesabu inapoelekeza?

Mtoa hoja: Ninaleta swali la fedha za kudhibiti ajali katika barabara za Mwanza: zipelekwe katika sehemu zilizoongoza kwa ajali mwaka uliopita, au tufuate modeli ya takwimu inayokadiria ajali za kutarajiwa katika kila kipande cha barabara? Mimi niko upande wa modeli. Makutano yaliyopata ajali nyingi kupita kawaida mwaka mmoja aghalabu hupata chache mwaka unaofuata hata yasipoguswa, kwa kuwa sehemu ya idadi ile ilikuwa ya kubahatika tu. Ukijenga matuta katikati ya miaka hiyo miwili, sifa zote zitakwenda kwa matuta. Ezra Hauer, mhandisi wa Toronto, alishikilia sana kwamba idadi iliyohesabiwa ichanganywe na ile ambayo modeli inaitarajia kwa barabara za aina hiyo. Tuseme makutano fulani ya Nyakato yamepata ajali 9 na modeli ilitarajia 4. Tukiipa modeli uzito wa 0.4 na hesabu halisi 0.6, kadirio letu ni 7.

Mchangiaji wa Buhongwa: Ndugu mtoa hoja, nenda kamwambie mzazi aliyezika mwanawe kwamba ajali 2 kati ya zile 9 zilikuwa za kubahatika. Zaidi ya hapo, modeli hulishwa taarifa za polisi, na abiria wa bodaboda aliyechubuka goti akamalizana na dereva palepale kando ya barabara hachukui PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwa hiyo kwenye hesabu zenu hakuanguka. Mitaa ya vilimani itaonekana salama kwa sababu tu hakuna anayeripoti.

Mchangiaji mwingine: Niongeze dogo, maana nimewahi kufundisha takwimu. Mgawanyo wa Poisson, kanuni ya kawaida ya kukadiria idadi ya matukio kama ajali, unadai mtawanyiko ulingane na wastani, ilhali ajali za barabarani kwa kawaida hutawanyika zaidi ya hapo. Ndiyo maana wataalamu hukimbilia binomia hasi, mgawanyo unaoruhusu mtawanyiko kuzidi wastani. Asiyefanya hivyo hujiamini kuliko data zinavyomruhusu.

Mtoa hoja: La PF3 nalikubali, ila linaiumiza orodha ya mwaka jana kama linavyoiumiza modeli, na daftari za majeruhi hospitalini zingepunguza pengo kwa pande zote mbili. Kuhusu mzazi sina jibu la hesabu. Lakini tazameni barabara ya Usagara hadi Kigongo: tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari yaliyokuwa yakishuka kivukoni kwa makundi sasa yanapita mfululizo, kwa hiyo ajali za miaka ya kivuko ni za barabara nyingine kabisa ingawa lami ni ileile. Hapo orodha haitusaidii, na hata modeli itasubiri mpaka mtu akae Usagara ahesabu magari upya.