Naomba ushauri: Camaro ya 1969 inayodaiwa kuwa ya Yenko

Wakuu, habari zenu. Niko Ohio, na kuna Chevrolet Camaro ya 1969 nimeitolea macho. Muuzaji anaapa ni Yenko halisi, yaani zile ambazo Don Yenko, wakala wa Chevrolet, aliagiza kiwandani kwa utaratibu wa COPO 9561 (agizo maalum) zikiwa na injini ya 427 (inchi za ujazo), kisha akazibandika mistari na nembo zake kwenye yadi yake Canonsburg, Pennsylvania. Sasa nembo hata mimi naweza kununua, na namba ya chesisi ya mwaka ule inataja V8 tu, haisemi ukubwa.

Nimekagua injini. Imegongwa MN, msimbo wa 427 ya gia za mkono, na tarakimu za mwisho zinaoana na za chesisi. Ila pale palipogongwa panang'aa, ile mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani haipo. Muuzaji anasema eti bloku (mwili wa injini) ilichongwa injini iliposhushwa. Kijisahani cha chuma cha waranti nacho "kilipotea".

Mliowahi kuzishika: bloku ikichongwa, namba za zamani si zingefutika pia? Na ile namba ya chesisi iliyofichwa nyuma ya boksi la hita, nitaionaje bila kufumua nusu ya gari? Muuzaji anataka jibu Ijumaa.