Naomba ushauri: uveitisi inayojirudia, je, bakteria wa tumboni wanahusika?

Bi Mwanahawa: Habari zenu wanajukwaa. Mume wangu amekuwa akisumbuliwa na jicho ambalo hugeuka jekundu ghafla, huuma kwa ndani na hushindwa kustahimili mwanga. Mara huwa la kulia, mara la kushoto. Daktari bingwa wa macho alituambia ni uveitisi ya mbele, yaani uvimbe wa ndani katika sehemu ya mbele ya jicho, akampa matone ya prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe, pamoja na ya kutanua mboni. Safari hii limeanza majuma machache baada ya kuhara vibaya kulikoambatana na homa, na kipimo cha damu kimeonyesha kuwa ana HLA-B27, alama ya kurithi inayokaa kwenye chembe za mwili. Shemeji yangu anashikilia kwamba apewe antibiotiki, kwa kuwa kama bakteria ndio walioanzisha, basi bakteria ndio wa kuuawa. Je, hoja yake ina mashiko?

Tabibu Mstaafu: Pole dada, na umfikishie mgonjwa pole zangu. Shemeji yako hakosei kuwashuku bakteria. Tangu mwaka 1973 inajulikana kwamba HLA-B27 inaandamana na ugonjwa huu, lakini wengi walio nayo hawaugui macho maisha yao yote, kwa hiyo lazima kuwe na jambo jingine linalouamsha. Wanaoshukiwa zaidi ni Salmonella, Shigella, Yersinia na Campylobacter wa utumbo, pamoja na klamidia ya njia ya mkojo, yaani wale wale wanaoweza kuacha viungo vimevimba baada ya maambukizi yenyewe kwisha.

Jambo ninaloliona kuwa kiini cha suala lenu ni hili: mwaka 1980 watafiti waliwadunga panya endotoksini, ambayo ni kipande tu cha ukuta wa bakteria wa aina hiyo, mbali kabisa na macho, na macho yao yakavimba kwa ndani ingawa hakuna bakteria hai aliyeingia humo. Bakteria anaweza kuichokoza kinga ya mwili akiwa mbali, kisha kinga yenyewe ikaliumiza jicho. Ndiyo maana kumuua baada ya hapo hakuzimi ugonjwa. Antibiotiki ya siprofloksasini ilipojaribiwa kwa muda mrefu kwa wagonjwa wa namna hii, haikupunguza kujirudia kwa uveitisi. Kama choo kitaonyesha maambukizi yanayoendelea, yatibiwe kwa ajili ya tumbo, si kwa matumaini ya kuliponya jicho.

Msomaji wa Maabara: Nakubaliana na Tabibu, ila nisingependa dada aondoke akidhani kwamba bakteria hawaingii kamwe ndani ya jicho. Kaswende na kifua kikuu huweza kusababisha uveitisi inayofanana sana na hii, na hapo dawa za kuua vimelea ndizo tiba yenyewe, ilhali steroidi peke yake huweza kuyapa maambukizi nafasi ya kuenea. Kuwa na HLA-B27 hakuthibitishi kwamba magonjwa hayo hayapo. Tafadhali ulizeni kama vipimo vyake vimefanyika.

Mwenzenu Mgonjwa: Naongeza la upande wetu wagonjwa. Mumeo asiache matone mara tu maumivu yanapokwisha, bali ayapunguze kwa ratiba ya daktari. Katika taa ya uchunguzi, chembe nyeupe za damu huonekana zikielea kwenye maji ya jicho kama vumbi ndani ya mwali wa jua, na huweza kuendelea kuelea wakati mgonjwa anajiona amepona. Mboni yangu imegandana na lenzi mahali pamoja, kwa hiyo haifunguki ikawa duara kamili.

Bi Mwanahawa: Nawashukuru sana. Cha kaswende kilifanyika na hakikuonyesha ugonjwa. Cha kifua kikuu sikumbuki kukisikia, nitauliza. Tabibu, naomba nikuulize pia: mume wangu huamka na mgongo wa chini uliokakamaa, ambao hulegea akishatembea. Je, unahusiana na jicho?

Tabibu Mstaafu: Unaweza kuhusiana kabisa, na huenda ndio muhimu kuliko yote uliyoyaeleza. Mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea kwa mwendo, kwa mtu mwenye HLA-B27 na uveitisi, unahitaji kuonwa na daktari bingwa wa baridi yabisi, ambaye anaweza kuomba picha ya viungo vya nyonga na mgongo. Zipo dawa kama salfasalazini na adalimumabu zinazoweza kupunguza kujirudia kwa uveitisi, lakini kabla ya adalimumabu kipimo cha kifua kikuu ni cha lazima, kwa sababu dawa hiyo huweza kukiamsha kile kilicholala mwilini.