Mama ana kisukari, fizi zinatoa damu na sukari haishuki: vinahusiana?

Binti Muheza:
Habari za jioni wadau, shikamooni wakubwa.

Naomba ushauri kuhusu mama yangu. Ana miaka 58, yuko Muheza, mimi niko Dar. Aligunduliwa kisukari mwaka 2015, anameza metfomini na kidonge kingine cha jioni. Kwenye chakula anajitahidi kwelikweli: ugali wa dona kiasi cha ngumi, mchicha, samaki, chai kavu bila sukari. Hata hivyo kipimo cha kidole asubuhi kinasoma 12 au 13, na mwezi uliopita kile cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo) kilitoka asilimia 9.4. Kliniki anakohudhuria wanamwambia kila mara kwamba anakula kwa siri. Safari ya mwisho alirudi nyumbani analia.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumwona. Tuko barazani tunakunywa chai, akauma kipande cha muhogo wa kuchemsha, akakirudisha kwenye kisahani. Nikaona pale meno yalipopita pana wekundu. Kumuuliza, ananiambia, "Kawaida hiyo, fizi zangu zimechoka. Upande huu hata mswaki siupitishi, unanitonesha." Nikamwomba afungue kinywa. Meno ya chini ya mbele yamejaa ugaga wa kahawia, mawili yanacheza, na nikibonyeza fizi unatoka usaha. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi akiongea na watu anaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Je, fizi zinaweza kuwa ndizo zinazopandisha sukari? Mjomba anasema ang'olewe yote awekewe ya bandia, yaishe. Jirani naye anasema akisafishwa kwa mashine ndiyo yatalegea kabisa. Nianzie wapi?

Kaka Ilala:
Pole sana dada. Mpe mama pole zetu. Nafuatilia, baba yangu naye ni wa sukari.

Tabibu wa Kinywa:
Pole dada, na umefanya jambo kubwa kumwangalia kinywani. Mimi ni tabibu wa meno, na wagonjwa wa aina ya mama nawapokea karibu kila wiki.

Ndiyo, vinahusiana, tena kila kimoja kinamzidisha mwenzake. Sukari ikikaa juu, mate hupungua, kinga hudhoofu, na mishipa midogo inayolisha fizi huharibika. Bakteria walioko kwenye ugaga wanashuka chini ya fizi, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Halafu kidonda hicho hakiishii kinywani. Mwili unapigana nacho usiku na mchana, na kemikali za mapigano hayo zinazunguka na damu, zinaifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi yake sawasawa. Mtu anameza dawa, anajinyima, na namba haishuki. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mama anakula kwa siri, mtu angemwambia kwanza afungue kinywa.

Tafiti zimeonyesha kwamba mwenye kisukari akitibiwa fizi, kipimo cha miezi mitatu hushuka kwa wastani wa pointi kama 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Yaani ile 9.4 ya mama huenda ikawa 9.0. Sikuambii fizi peke yake zitamfikisha 7 inayolengwa kwa wengi. Dawa zake nazo daktari aziangalie upya. Ila hiyo 0.4 si ndogo, na haimwongezei kidonge hata kimoja.

Kung'oa yote tusianzie huko. Asafishwe kwanza mpaka chini ya fizi, aangaliwe tena baada ya wiki sita hadi nane. Jino linalocheza kidogo mara nyingi hukaza fizi zikipona. Litakaloshindikana ndilo litolewe. Na jirani mwambie hivi: ugaga wa miaka mingi unagandamana na meno kama saruji. Ukiondolewa, ulimi unahisi mapengo, na jino linaonyesha ulegevu liliokuwa nao tangu zamani. Mashine haikulilegeza.

Siku ya kwenda aombe zamu ya asubuhi, ale na ameze dawa zake kama kawaida, abebe kadi ya kliniki. Ataje dawa zote, na za presha kama anazo, maana nifedipini na jamaa zake kwa baadhi ya watu huvimbisha fizi. Asiziache mwenyewe, aseme tu.

Mzee wa Pemba:
Wanangu, sisi tumekua na karafuu. Tone la mafuta kwenye pamba, jino linatulia. Hospitali ni kumaliza pesa.

Tabibu wa Kinywa:
Shikamoo mzee wangu. Karafuu inatuliza kweli, na sisi tunayo dawa ya meno itokanayo nayo. Lakini ugaga haiutoi. Na fizi hizi mara nyingi haziumi sana, ndiyo maana mtu anakuja meno yameshaanza kucheza.

Mama Nasra:
Mdogo wangu, usikawie. Kaka yangu ana sukari, alipata jino bovu la chini. Ijumaa shavu limevimba, akasukutua maji ya chumvi akalala. Jumapili uvimbe umeshuka chini ya kidevu mpaka shingoni, mate hamezi, sauti imebadilika. Kituo cha kwanza walimpa vidonge wakamrudisha nyumbani. Usiku ule ule tukamkimbiza hospitali kubwa, akapasuliwa kutoa usaha. Sukari ilikuwa juu mpaka kimashine kikashindwa kuandika namba. Alilazwa siku 19. Yuko hai, alhamdulillahi. Ukimwona mama kavimba chini ya taya, hamezi au kinywa hakifunguki, hata kama ni saa nane usiku, ondokeni.

Valvu Mpya:
Naongezea kwa wenye matatizo ya moyo. Mimi nimewekewa valvu (mlango wa moyo) ya bandia, na kabla ya kung'oa au kusafisha napewa antibayotiki, kwa sababu bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu. Semeni kabla hamjakaa kwenye kile kiti.

Binti Muheza:
Asanteni sana. Mama Nasra umenitetemesha, namshukuru Mungu kwa kaka. Tabibu, kwa sasa asukutue na nini? Akipiga mswaki damu inajaa.

Tabibu wa Kinywa:
Asiache mswaki, kuuacha ndiko kunakozidisha. Anunue ulio laini, mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi, taratibu pale jino linapokutana na fizi. Damu itatoka siku za mwanzo kisha itapungua. Kama kazoea mswaki wa mti, autafune ulainike kwanza. Maji ya chumvi vuguvugu asukutue, yanampa nafuu, ila yasimfanye aahirishe safari.

Binti Muheza:
Nimetoka kuongea naye kwa simu, Jumanne mdogo wangu anampeleka Tanga mjini. Nilipomwambia kwamba huenda tatizo lilikuwa kwenye fizi wala si chakula, alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Huyo daktari wa meno anaweza kuniandikia, nikawaonyeshe kule kliniki?" Tabibu, inawezekana?

Tabibu wa Kinywa:
Inawezekana kabisa. Aombe hali ya fizi iandikwe kwenye kadi ile ile ya kisukari, na tarehe ya kusafishwa. Kipimo cha miezi mitatu kirudiwe miezi mitatu baada ya hapo.