Mjadala: Je, asasi za kiraia ziingie ubia na serikali katika mipango shirikishi ya maendeleo?

Wapo wanaoshikilia kwamba asasi ya kiraia ikishaketi meza moja na serikali imeuza sauti yake, na wapo wanaoamini kwamba asasi inayojitenga haibadilishi chochote. Mimi nauunga mkono ubia huo, ila kwa sharti ambalo siko tayari kulilegeza: wananchi waelezwe kiasi cha fedha kilichopo kabla ya kuulizwa vipaumbele vyao.

Bila hilo, mkutano wa wananchi wa kupanga maendeleo huzaa orodha ya matamanio tu. Mwezeshaji hubandika karatasi kubwa ukutani, watu hutaja maji, zahanati, barabara na madarasa, yote huandikwa, fomu ya mahudhurio husainiwa, kisha uamuzi halisi wa kipi kiachwe hufanywa baadaye na maofisa wachache, kwa kuwa wao peke yao ndio wanaojua ukomo wa bajeti. Fomu ile ndiyo huambatanishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba jamii imeshirikishwa, na asasi iliyowakusanya watu inakuwa imetumika kama muhuri. Jambo hili linaniuma, maana mtu aliyeacha shughuli zake akakaa kikao kizima bila kuona matokeo, akiitwa tena haji.

Kerala, nchini India, ilichukua njia nyingine. Mwaka 1996 serikali ya jimbo hilo iliamua kwamba asilimia 35 hadi 40 ya bajeti yake ya maendeleo ipangwe na mamlaka za chini, na vuguvugu la kiraia la kueneza sayansi, Kerala Sastra Sahitya Parishad, likashiriki kuwaandaa wawezeshaji. Fedha zilitajwa kwanza, mipango ikafuata. Porto Alegre nchini Brazil, ambako bajeti shirikishi, yaani wananchi kushiriki kuamua matumizi ya fedha za manispaa, ilianza mwaka 1989, wananchi walichagua wajumbe wa kufuatilia maamuzi yao hadi ndani ya manispaa.

Wanaopinga wana hoja nzito moja, nami naikubali: asasi inayolipwa na ofisi ileile inayopaswa kuihoji, italegea. Kwa hiyo mkataba wa ubia uwekwe hadharani, na ufuatiliaji wa mradi uachiwe kamati ya wananchi isiyolipwa na upande wowote. Lakini ningependa wenzangu wanaotaka asasi zijitoe kabisa watujibu: nani atakaa na kamati hiyo kuisomea mchanganuo wa gharama, mstari kwa mstari, kabla mkandarasi hajalipwa?