Kokteli ya embe inajitenga: juu povu, chini maji. Nakosea wapi?

Baba Mrija
Wakuu, habari za wikiendi. Jumamosi mke wangu katimiza miaka 30, nikajitutumua kumtengenezea yeye na mashoga zake kokteli ya embe ya kusagwa na barafu, ile nzito ya kuvutwa na mrija mnene. Nilitia kwenye blenda embe dodo mbili, Konyagi toti sita, ndimu mbili, maji kidogo ili visu vizunguke, halafu barafu mpaka juu. Blenda ikanguruma, ikanuka waya unaoungua, ikagoma. Nikakoroga na mwiko, nikawasha tena. Wakati wa kumimina ilipendeza kweli. Hatujamaliza kuimba, glasi zote povu juu, maji ya njano chini, na vigae vya barafu vinagonga meno. Shoga mmoja akauliza kama ni juisi ya jana.

Blenda ni ya kawaida, wati 350. Habari za kununua mashine sitaki kusikia.

Kaunta Mstaafu
Pole mkuu, ila hapo ulisaga maji ya embe. Barafu ni maji, ikiyeyuka ndiyo hayo uliyoyaona. Ubaridi utoke kwenye embe yenyewe. Menya usiku, katakata vipande vya nusu kiberiti, tandaza kwenye sinia visigusane, vikishaganda ndipo utie mfukoni. Ukivirundika unapata tofali, na tofali hilo ndilo litakalomaliza mota yako.

Konyagi nayo ilaze kwenye friza. Ina kilevi asilimia 35, na friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiigandishi, inakuwa nzito tu kama mafuta. Maji usitie kabisa. Pombe na ndimu zitangulie chini kwenye visu, kisha embe, barafu mwisho, kiganja kimoja tu, tena uiponde kwanza kwa mchi ndani ya taulo. Usiiache blenda ikimbie: bonyeza, achia, bonyeza, achia.

Halafu sukari hujaitaja! Ubaridi unaua utamu ulimini. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji, shira ipoe, anza na vijiko vitatu. Toti sita kwa embe mbili pia umezidisha, pombe nyingi inalegeza mchanganyiko. Tia nne.

Wa Rongai
Huku Nairobi mimi nafanya hivyo na kokteli inayoitwa dawa: vodka, ndimu, asali. Asali usiimwage juu ya barafu, itashika chini ya visu kama gundi. Iyeyushe na maji moto kidogo, iache ipoe. Na ndimu kamua tu, usisage na maganda. Mimi nilisaga nayo, mgeni akakunja uso akaniuliza inatibu nini.

Mbongo Dallas
Shida yako ndiyo iliyomsumbua Mariano Martinez hapa Dallas mwaka 1971. Mgahawani kwake margarita, kokteli za tequila na ndimu, zilisagwa kwa blenda, kila glasi na ladha yake, wateja wananung'unika. Akaona dukani mashine ya Slurpee, kile kinywaji cha barafu laini, akatafuta mashine ya aiskrimu laini akaigeuza itoe margarita. Leo imewekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Najua mashine hutaki, nilikuwa napita tu.

Baba Mrija
Mrejesho, wakuu. Umeme ulikatika saa mbili usiku embe zikiwa hazijaganda hata nusu, ikabidi nisubiri hadi jana mchana. Konyagi toti nne, shira vijiko vinne kwa sababu ndimu zilikuwa kali. Blenda ilikwama mara moja, nikaikung'uta ikaendelea. Mrija umesimama wima peke yake! Nimeiweka kwenye meza ya nje dakika 15 nikipima kwa saa: imelegea pembeni lakini haijaachana.

Mama mkwe alikuwepo. Yake nilisaga kwanza, bila Konyagi, nikatia juisi ya pasheni. Hiyo ikawa nzito kuliko zetu, akaila kwa kijiko, akaomba nyingine. Mke kasema siku nyingine yule shoga wa juisi ya jana asialikwe.